Wauza PS (PlayStation) wa Chuga, yaani Arusha, kuamsha mashine iliyolala siyo kuiwasha!

Wakuu, huu usanii umezidi. Ukienda kutafuta PS4 ya mtumba, iwe Stendi Ndogo iwe Njiro, onyesho ni lilelile: muuzaji anabonyeza pedi, menyu inatokea fasta, halafu bei inapanda kwa sababu eti "hii ina SSD", yaani diski ya chipu isiyozunguka, yenye kasi kuliko hadidiski ya kawaida.

Kabla hajagusa pedi, tazama taa. Ikiwa ya rangi ya chungwa, mashine imesinzia tu. RAM (kumbukumbu ya muda) bado ina umeme, hadidiski haina kazi kubwa ya kusoma. Hata kopo linaamka hivyo! Mwambie aizime moja kwa moja, taa ipotee, ndipo achomoe waya ukutani na kuhesabu nusu dakika. (Asichomoe ikiwa imesinzia, mafaili yataharibika na ikiwaka itaanza kukagua hifadhi.) Hesabu kwa simu kuanzia mlio mpaka menyu ikubali kusogea. Nembo kutokea siyo kuwaka.

Bado ana ubishi? Afungue. PS4 ya kwanza, ile ya 2013, unatelezesha kifuniko kinachong'aa, unatoa skrubu moja kubwa, trei inatoka. PS4 Slim, ile nyembamba, trei iko nyuma, kwenye kona. Kibandiko cha diski kikisema 5400 RPM (mizunguko kwa dakika), hiyo ni hadidiski, ulikuwa unapigwa.

Na mafundi nao! SSD kwenye PS4 inasaidia kweli, hasa gemu za ramani kubwa, maana hadidiski inapoteza muda kichwa chake kikihangaika huku na kule kuokota vipande vya faili. Lakini prosesa ni ileile dhaifu. PS5 ina saketi maalumu ya kufumua kwa kasi data iliyobanwa, na SSD yake inasoma GB 5.5 kwa sekunde. Kumwambia mteja PS4 yake "imekuwa PS5" ni wizi wa mchana.

Halafu wanabadilisha diski bila kunakili sevu kwenye flashi, ligi nzima ya mtu inayeyuka. Wengine, wakiisimika upya programu ya mashine kwenye diski mpya, wanapakua faili dogo la kusasisha badala ya lile kamili la GB 1 hivi, mashine inagoma, wanatangaza "bodi imekufa". Bodi ina kosa gani? Faili ni PS4UPDATE.PUP, linakaa ndani ya folda UPDATE, nayo ndani ya folda PS4, herufi kubwa zote, flashi ya FAT32 au exFAT.

Jibu 1
Mkuu, huku Moshi wamehamia PS5. Wanauza hadidiski za USB eti za kuongeza nafasi ya gemu za PS5. Gemu za PS5 hazichezi humo, zinahifadhiwa tu! Gemu za PS4 ndizo zinazocheza, tena kwa mwendo wa konokono uleule. Nafasi ya kweli ni SSD ya kuchomeka ndani, aina ya M.2 ya PCIe Gen4 (kizazi cha nne), yenye kipoza joto, unene wote usizidi milimita 11.25. Gen3 haikubaliwi hata uibembeleze.

Jibu 2
Sasa Xbox Series S ikikurudisha palepale ulipoachia gemu, nayo ni usanii?

Mwenye uzi
Hapana mkuu. Hiyo inaitwa Quick Resume, inaandika hali ya gemu kwenye SSD, ndiyo maana hata waya ukichomolewa inarudi. Usanii ni muuzaji kuiita hiyo kasi ya kulodi. Aifunge gemu kabisa kwenye menyu, aifungue upya, ndipo uanze kuhesabu.