Mrejesho: kadi zilizokuwa zinapukutika wino

Wakuu, niliwauliza kwa nini kadi za harusi za gramu 200 (uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba) zinatoka kwenye printa yangu ya leza na maandishi yanayofutika kwa kidole. Nimepona!

Tona, yaani unga wa wino wa printa, haikuwa na kosa. Printa ilidhani inachapa karatasi ya kawaida, kadi ikapita haraka kwenye rola za moto, unga huo ukakosa muda wa kuyeyuka na kushika. Nimechagua "karatasi nene" kwenye mipangilio ya printa, sasa inapita taratibu. Nimekwangua jina la bwana harusi kwa ukucha, halitoki hata chembe.

Ila msiache hivyo kwa kila kazi: karatasi zangu za gramu 80 zilitoka zimejikunja kama maganda. Asanteni sana, jamani.