UKOO WA NGAMIANI (mambo ya nyumba tu, si vichekesho)

JUMATANO

Da Rukia: Assalaam alaykum wana ukoo. Mnunuzi wa nyumba ya Ngamiani anataka jibu keshokutwa baada ya Ijumaa. Milioni 80, haongezi. Leo saa kumi jioni sote tuswali istikhara, tumwombe Mola atuchagulie la kheri, kila mtu alipo. Kesho asubuhi kila mmoja aandike hapa kaota nini. Mkisoma mjibu, msiniachie tiki za bluu.

Chande: Mimi nikila ubwabwa wa maharage usiku naota napaa. Hiyo ni uza au usiuze?

Zuhura: 😂😂😂

Da Rukia: Chande soma jina la kikundi.

Ustadh Bakari: Waalaykum salaam warahmatullah. Da Rukia, saa kumi tutakuwa tumeshaswali Alasiri, na baada yake ni karaha kuswali sunna isiyo na sababu iliyotangulia, mpaka jua lizame. Tahiyatul masjid inaswaliwa wakati huo kwa sababu kuingia msikitini kumeshatangulia. Istikhara sababu yake iko mbele, kwa hiyo kwetu Mashafii haiswaliwi. Baada ya Alfajiri vilevile, mpaka jua lipande kiasi cha mkuki, kama dakika 15 hivi tangu lichomoze. Ngojeni Isha ipite.

Da Rukia: Haya, saa tatu usiku. Baba huko Muscat itakuwa saa nne. Usilale.

Ustadh Bakari: Na si sote. Anayeswali ni mwenye jambo. Sisi wajukuu hatuna fungu kwenye ile nyumba ya urithi. Wenyewe ni sita: Bibi, Mjomba Hamisi, Mjomba Juma, mama, Ma'mdogo Tatu na Ma'mdogo Hawa. Sisi tuwaombee dua ya kawaida.

Da Rukia: Mimi nahangaika na simu wiki ya pili kumbe sihusiki 🙄

Chande: Wakala hana ndoto.

Shangazi Hawa: Bakari mwanangu, tuelekeze basi, wengine tumesahau. Na aliye nje ya swala siku hizi?

Ustadh Bakari: Aliye nje ya swala asome dua peke yake, inatosha. Wengine: udhu, rakaa mbili za sunna kwa nia ya istikhara. Fardhi haihesabiki. Hata kabliya, sunna ya kabla ya fardhi, ukiianza na nia hiyo inafaa. Sura hazikutajwa kwenye hadithi, ila Imam Nawawi amependekeza Kafirun ya kwanza, Ikhlas ya pili. Ukishatoa salamu, umhimidi Mola, umswalie Mtume, kisha dua: Allahumma inni astakhiruka bi'ilmika, wa astaqdiruka biqudratika, mpaka mwisho. Asiyeihifadhi asome kwenye simu, maana ameshatoka kwenye swala. Mwisho mswalie Mtume tena.

Ustadh Bakari: Watu wengi wanakosea pale penye "hadhal amra", yaani jambo hili. Wanapita mbio. Hapo ndipo unalitaja jambo lako: kuuza nyumba ya Ngamiani, kwa mnunuzi huyu, kwa bei hii. Dua ina pande mbili, zote mbili unaziomba kwa moyo mmoja. Likiwa la kheri kwa dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nijaalie, nirahisishie, unibarikie. Likiwa la shari, liepushe nami na mimi uniepushe nalo. Kama upande wa pili unausoma huku roho haitaki, bado hujaswali istikhara.

Shangazi Tatu: Maashaallah.

Da Rukia: Na ndoto? Bibi wa jirani yetu aliona kijani akanunua, akaona weusi akaacha.

Ustadh Bakari: Ndoto si sharti. Hadithi ya Jabir iliyo kwa Bukhari haina ndoto wala rangi. Wala siku saba, hiyo ya mara saba ni dhaifu, ingawa kurudia si vibaya. Ukimaliza unaendelea na shughuli: unashauriana na wajuzi, unakagua hati, unauliza bei za jirani. Njia ikifunguka unakwenda, ikiziba usiibomoe. Na mwisho wa dua tunasema thumma ardhini bihi, Mola aturidhishe na alilotukadiria. Aya ya 216 ya Baqara ndiyo hiyo hiyo, unaweza kuchukia kitu nacho ni kheri kwako. Asiyekuwa tayari kuambiwa hapana anataka muhuri tu.

Chande: Na kama pesa imeshapokelewa?

Da Rukia: Pesa gani?

Chande: Nimeuliza mas'ala tu

Da Rukia: CHANDE PESA GANI

Ba'mkubwa Hamisi: Ni milioni 2 za kushikilia, asiende kwingine. Msikuze mambo. Huyo mtoto ana mdomo.

Shangazi Mwanaidi: Sawa kaka. Nami nauliza. Kile kiwanja cha mbele mlikiswalia nini?

Ba'mkubwa Hamisi: Hayo yalishaisha Mwanaidi.

Shangazi Mwanaidi: Yaliisha kwako. Mie nilipewa doti moja ya khanga.

Chande: Iliandikwaje?

Zuhura: Chande 😳

Da Rukia: Jamani turudi kwenye saa tatu. Baba, upo?

Ustadh Bakari: Kwa hesabu tu, nisieleweke vibaya. Madeni yakishatoka, mafungu ni 8. Bibi thumuni, fungu 1. Watoto wa kiume wawili, mawili mawili. Wa kike watatu, moja moja. Milioni 80, fungu ni milioni 10. Kiwanja kiliuzwa milioni 16, fungu lilikuwa milioni 2.

Ba'mkubwa Hamisi: Unamsemea mama yako.

Ustadh Bakari: Hapana mjomba. Nasema Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12.

Da Rukia: Mbona mmenyamaza? Watu 23 humu.

Zuhura: Niko kwa Bibi, nimemsomea yote toka juu. Ananiambia andika neno kwa neno.

Zuhura: "Hamisi, ni mama yako. Istikhara ni kwa jambo ambalo unaweza kulifanya na unaweza kuliacha. Haki ya mtu haina kuchagua. Fungu langu la kiwanja nilikusamehe siku ileile. La dada zako sikuweza kulisamehe, halikuwa langu. Lipa hilo kwanza. Ya mnunuzi mrudishie. Ndipo uje usimame mbele ya Mola uulize la nyumba, nami nitaswali."

Zuhura: Amesema nisiongeze kitu.

Ba'mkubwa Hamisi: Nimesikia mama.

Ba'mdogo Juma Muscat: Assalaam alaykum. Nilikuwa kazini, nimesoma. Mimi pia nilikula lile la kiwanja, sikuuliza limegawiwa vipi. Kaka, nipigie.

ALHAMISI

Da Rukia: Sabalkheri. Nimempigia mnunuzi, kanipa mpaka Jumatatu. Anasema hizo milioni 2 arudishiwe kwa mkono mbele ya shahidi, hataki za simu. Nani ataenda na Ba'mkubwa?

Da Rukia: Hello

Shangazi Hawa: Ya kiwanja tunalipwa taslimu au inakatwa kwenye nyumba?

Ustadh Bakari: Ikikatwa kwenye nyumba, nyumba imeshaamuliwa kuuzwa kabla ya kuswaliwa.

Shangazi Hawa: Ndiyo maana nauliza.

Chande: Nitaenda na mzee mimi. Nimeshamkasirisha, bora anikasirikie njiani.

Da Rukia: Baba na Ba'mkubwa mmeongea? Milioni 2 mara tatu ni 6, nani anatoa ngapi? Jumamosi tukutane kwa Bibi saa nne asubuhi. Ba'mkubwa uje na hati halisi, ya picha haisomeki pembeni pale penye namba ya kiwanja.

Shangazi Tatu: Jumamosi nina arusi Pangani.

Da Rukia: Shangazi Tatu jamani!