Naomba ushauri: gemu yangu ya dagaa inachosha mapema

Wakuu, habari zenu. Niko Ujiji, natengeneza gemu ndogo ya kizamani kwa Godot (programu ya kutengenezea gemu): pikseli 160 kwa 144, rangi nne tu, kama Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha 1989. Mtumbwi uko Ziwa Tanganyika usiku wa giza. Unawasha taa, dagaa wanakusanyika, unavuta wavu kabla migebuka, samaki wanaowala dagaa, hawajawatawanya. Kuvuta kunanoga kweli, wadogo zangu wanagombania simu. Ila wakishaizoea kasi, wanaiacha.

Niongeze kasi taratibu kama Tetris, au mafuta ya taa yawe yanapungua, mchezaji aamue lini azime? Naegemea mafuta, maana yanamlazimisha kufikiri. Mliowahi kutengeneza gemu, ugumu mnaupimaje usije ukakera?