Presha ya mama: ubuyu, rozela na mlenda vinasaidia kweli? Wa Dodoma naomba mnisaidie

Mwana_Chamwino
Mbukwa wakuu. Mama yangu ana miaka sitini na kitu, yupo kijijini huku Chamwino. Kichwa kilikuwa kinamgonga kisogoni akaenda kituo cha afya wakampima presha wakakuta 160/100, wakamwambia arudi wakapima tena bado ipo juu, wakamwanzishia vidonge vya amlodipine. Sasa tangu ndugu wasikie basi kila mtu kaja na dawa yake, huyu anasema ale kitunguu saumu kibichi asubuhi kabla ya kitu chochote, mwingine juisi ya ubuyu, shangazi kaleta unga wa mlonge, na kuna mjomba anamwambia kabisa vidonge aache maana ukishaanza hutoki. Na mama vya asili ndo anaviamini zaidi. Mi sitaki kumdharau wala sitaki aumie. Vyakula vyetu vya huku, ugali wa uwele, mlenda, karanga, ubuyu, vipi vinasaidia presha na vipi aache? Na hizo dawa za majani zinaenda pamoja na vidonge?

Dada_Nesi
Pole sana ndugu yangu na mpe pole mama. Naanza na la mjomba kwa sababu ndo la hatari, asiache vidonge hata siku moja kwa kusikia nafuu. Presha haina kawaida ya kuuma, mtu anajisikia mzima kabisa huku figo na mishipa ya kichwani inaumia taratibu, na wengi wanaoletwa wamepooza upande mmoja ukiuliza unaambiwa dawa alishaacha kitambo, alikuwa anaendelea vizuri. Vidonge vikimsumbua, kwa mfano miguu kuvimba maana amlodipine inafanya hivo kwa baadhi ya watu, arudi kituoni abadilishiwe, asiamue mwenyewe.

Sasa chakula. Mama yako anakula vizuri kuliko sisi wa mjini, ugali wa uwele au mtama na mlenda ni chakula safi kabisa, una nyuzinyuzi na unakaa tumboni, sio kama sembe iliyokobolewa ikabaki nyeupe tu. Shida iko kwenye vinavyotiwa humo. Muulize mlenda anapika na nini. Wengi wetu huku tunatia magadi ili ulainike na uteleze haraka, halafu juu yake chumvi, na magadi nayo yana sodiamu ileile iliyopo kwenye chumvi, kwahiyo mtu anakwambia mi chumvi nimepunguza kumbe anaila kwa njia ya magadi kila siku mchana na jioni. Mlenda unaiva bila magadi, unachukua muda zaidi kidogo motoni tu, watie nyanya na karanga za kusaga utakuwa mtamu, na yale mafuta ya karanga yanasaidia mwili kuchukua vitamini A iliyopo kwenye majani. Chumvi yote kwa siku mtu mzima isizidi gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo umehesabu mboga, dagaa wa chumvi, viungo vya pakiti, kila kitu. Ile ya kuongeza mezani aiache kabisa.

Halafu kuna kitu hamtaji, ugoro. Bibi zetu wengi wanatumia na akiulizwa kama anavuta sigara anajibu hapana, na kweli havuti. Ugoro ni tumbaku, unapandisha presha. Muulize kwa upole mkiwa wawili, sio mbele za watu.

Mama_Zabibu
Dada Nesi kamaliza mi naongezea ya ubuyu na rozela maana hivyo nauza. Ubuyu ni mzuri sana jamani una vitamini C nyingi, lakini sio ule mwekundu wa kupikwa na sukari na rangi ule ni pipi. Nunua ubuyu wenyewe mweupe haujaguswa, loweka kwenye maji ya uvuguvugu usichemshe maana moto unaua vitamini C, koroga na mwiko mpaka unga utoke kwenye mbegu, chuja kunywa bila sukari au kidogo mno. Mama akizoea ule ukali wala hatakumbuka sukari. Na kama chai ya rangi anakunywa pamoja na ugali mwambie akae kwanza lisaa, chai inazuia madini ya chuma kwenye uwele, bora akinywa ubuyu na chakula.

Rozela ile mikavu myekundu, wengine tunaita choya, hiyo ndo watu wa presha wanaiulizia kuliko vyote na kweli inashusha kidogo, chukua kama kijiko kikubwa mimina maji ya moto funika iache mpaka maji yawe mekundu vizuri.

Fundi_wa_Bahi
Mi bi mkubwa wangu kitunguu saumu na limao vilimtibu kabisa, vidonge akatupa. Kila mwili na dawa yake wakuu.

Dada_Nesi
Kaka nafurahi mama anaendelea vizuri ila nakuomba umpeleke akapime, leo au kesho, hata duka la dawa lenye kipimo. Kitunguu saumu kinashusha presha kidogo ndio, ila kwa mtu wa 160 hicho kidogo hakitoshi. Na kujisikia vizuri sio kipimo.

Kwa Mwana_Chamwino: ubuyu, rozela na kitunguu saumu cha kwenye chakula ni sawa pamoja na amlodipine, ila rozela aanze na kikombe kimoja, akisikia kizunguzungu akisimama apunguze na apime. Angekuwa na shida ya figo au anatumia losartan, enalapril au spironolactone ningesema aulize kwanza, kwa sababu ubuyu una potasiamu nyingi na hizo dawa zinaizuia isitoke mwilini. Mlonge, majani yake ni mboga nzuri apike kama mboga nyingine, ila mambo ya kuchanganya unga wa mizizi na magome asifanye.

Mwana_Chamwino
Asanteni sana, nimempigia mama. Magadi anatia kweli, na ugoro kacheka tu hajajibu ila jibu nimelipata. Swali la mwisho, karanga anazo gunia la msimu uliopita, mnasema atie kwenye mlenda, vipi zile zimeanza kubadilika rangi?

Mkulima_Kongwa
Hizo usimpe mkuu, wala kuku usiwape. Mnakumbuka 2016 hapahapa Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi. Ukungu ukishaingia sumu inabaki hata ukaange, hata uchemshe, moto wa jikoni hauiondoi. Zitandaze juani juu ya turubai, sio chini kwenye udongo, chambua moja moja, iliyosinyaa, iliyooza, yenye rangi ya kijani au nyeusi, iliyotoboka, zote chimbia. Usisage kabla ya kuchambua maana ukishasaga huoni kitu. Zilizobaki safi weka mfuko usiopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Na kama zaidi ya nusu zimeharibika usihangaike kuchambua, tupa gunia zima, ununue nyingine kilo mbili tatu zinatosha mboga ya mama mpaka mavuno.