Nimepewa usimamizi wa kliniki na ahadi ya asilimia 10: niangalie nini kabla ya kusaini?

Kijana wa Kibosho

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mfiziotherapia, nilisoma Moshi pale KCMC. Nilikuja Marekani 2017, nikaongeza masomo yaliyotakiwa, nikafaulu mtihani wa leseni, na sasa ni mwaka wa saba niko kliniki ile ile hapa Minnesota. Ni wagonjwa wa nje tu: magoti, migongo, mabega. Tuko wafiziotherapia wanne, wasaidizi wawili na dada wawili wa mapokezi.

Wiki iliyopita mwenye kliniki aliniita ofisini. Ana miaka 61 na ana kliniki tatu. Msimamizi wetu anahama mwezi wa tatu, na mzee anataka nishike nafasi yake. Mshahara utatoka dola 89,000 hadi 98,000 kwa mwaka. Baada ya miezi 12 ataniuzia asilimia 10 ya kliniki hii kwa dola 48,000, nisitoe hela mfukoni, bali akate kwenye gawio langu hadi deni liishe. Green card ninayo. Mke wangu ni nesi, tuna mtoto mmoja na wa pili yuko njiani.

Nimefurahi sana, ila usingizi sipati. Biashara sijawahi kusoma. Waliopita njia hii naomba mnielekeze.

Baba Mapacha

Hongera mkuu. Mimi nilikataa nafasi kama hiyo 2021 na moyo wangu umetulia. Natibu wagonjwa majumbani kwao, nalipwa kwa kila ziara, saa tisa alasiri nawapokea watoto kwenye basi la shule. Kaa na mama watoto mzungumze kabla hujakaa na mwanasheria.

Dada wa Tanga

Mdogo wangu, hongera. Nina miaka 14 kwenye kazi hii huku, na sita ya mwisho ni msimamizi wa kliniki na mbia wa asilimia 20. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniandikia.

"Hisa" nilizopewa mara ya kwanza hazikuwa hisa. Mwajiri wangu wa wakati ule alinipa karatasi ya kurasa mbili, imeandikwa asilimia 5 ya faida. Miaka mitatu baadaye nikaondoka, nikauliza sehemu yangu inanunuliwa kwa shilingi ngapi. Nikajibiwa hakuna cha kununua, ile ilikuwa bonasi na inaisha siku unayoacha kazi. Niliingia kwenye gari nikalia. Hata kusema amevunja mkataba sikuweza, maana ukurasa wa pili ulisema hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza asilimia ni ngapi, uliza: nikiacha kazi, nikiumia, nikifa, au mzee akiuza, asilimia zangu zinakwenda wapi na kwa bei gani? Huyo ana miaka 61. Kampuni kubwa zinatafuta kliniki kama zake. Mnunuzi akija, wewe unauza pamoja naye kwa bei ile ile, au yeye anaondoka na 90 yake unabaki na wageni? Iandikwe. Na kanuni ya kukadiria thamani siku unayotoka iwe ile ile ya siku unayoingia.

Dola 48,000 kwa asilimia 10 maana yake anasema kliniki nzima ina thamani ya 480,000. Labda ni kweli. Omba vitabu vya mapato na matumizi vya miaka mitatu, vya kliniki yako peke yake, si vya zote tatu zikiwa zimechanganywa. Kama faida ni 120,000 kwa mwaka, gawio lako ni 12,000 na deni litaisha kwa miaka minne. Kama faida ni 60,000, utalipa miaka minane.

Sasa kazi yenyewe. Nikupe Jumatatu moja ya Januari. Saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi nafungua ratiba: wagonjwa 44, tisa wameshaahirisha kwa sababu ya theluji. Mmoja ni bibi aliyewekewa goti bandia wiki tatu nyuma. Ijumaa lilikuwa linakunja digrii 78, nami nilitaka 90 wiki hiyo. Basi la wazee lilikuwa halitembei. Goti la namna hiyo halisubiri theluji iyeyuke, linakakamaa. Nikampigia mwenyewe, nikampigia na mwanawe, nikamhamishia saa nane mchana barabara zikiwa zimesafishwa. Akaja, kavaa koti juu ya gauni la kulalia, tukafika 84. Mpaka saa mbili asubuhi, kabla bibi hajafika, nilikuwa nimewarudisha kwenye ratiba wanne kati ya wale tisa. Hapo sijamgusa mgonjwa hata mmoja, na wangu wa kwanza alikuwa ananisubiri kitandani.

Huo ndio usimamizi. Kwetu ziara moja inaingiza kama dola 97 na gharama zake ni 84. Mgonjwa asipokuja, ile 97 haiji, lakini mishahara na pango viko pale pale. Na malipo yanabanwa kila upande. Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipa kwa kuzidisha pointi za kila huduma na kiwango fulani cha dola; kiwango hicho kilikuwa dola 36.09 mwaka 2020, kikashuka hadi 32.35 mwaka 2025. Kazi ya msaidizi wanailipa asilimia 85 ya malipo ya kawaida tangu Januari 2022. Kwa hiyo ukipanga msaidizi ashike wagonjwa wa Medicare siku nzima, piga hesabu kwanza.

Utajaribiwa pia kwenye dakika. Unajua mwenyewe, tunadai malipo kwa yuniti za muda wa tiba: dakika 37 ni yuniti mbili, 38 ni tatu. Mwezi ukiwa mbaya, mtu atakuja kukuambia uwahimize wenzako "waandike vizuri". Usikubali hata dakika moja ya kubuni. Msimamizi anayefumbia macho, siku wakaguzi wakija, jina lake ndilo linalotajwa.

Hiyo miezi 12 kabla ya kununua ni zawadi, itumie. Kila mwisho wa mwezi omba namba: ziara, walioahirisha, madai yaliyokataliwa na bima, fedha iliyoingia kweli. Mzee akikuonyesha bila kusitasita, huyo ni mbia. Akikuficha namba ukiwa msimamizi wake, utakapokuwa na asilimia 10 hatabadilika.

Jambo dogo la Minnesota: tangu Julai 1, 2023 mikataba mipya ya kumzuia mfanyakazi kwenda kushindana na mwajiri wake haina nguvu, lakini sheria haikugusa ile inayoambatana na kuuziana biashara. Kwa hiyo kizuizi kinaweza kurudi kupitia mkataba wa hisa. Mwanasheria wako asome, si wa mzee.

Mhasibu Kiambu-Dallas

Dada amesema yote, mimi naongeza kodi tu. Ndugu, uliza kampuni inatozwa kodi kama ubia au kama S, yaani S corporation, ambako mwenye hisa anayefanya kazi hubaki na mshahara wa kawaida. Ikiwa ni ubia, siku unapokuwa mbia unaacha kupokea W-2, fomu ya mshahara wa mwajiriwa, na unaanza kupokea K-1, fomu ya sehemu ya mbia katika faida. Ile nusu ya kodi ya uzeeni na Medicare aliyokuwa akikulipia mwajiri, asilimia 7.65, inahamia kwako. Kwenye 98,000 hiyo ni zaidi ya dola 6,000 kabla ya nafuu unayopata kwenye kodi ya mapato. Nyongeza yako yote ni 9,000.

Kubwa zaidi: unatozwa kodi kwa faida iliyoandikwa kwa jina lako, hata kama fedha hukuishika. Gawio lote likikatwa kulipa deni, utadaiwa kodi juu ya zile 12,000 za gawio ambazo hukuziona, na unailipa kwa awamu: Aprili, Juni, Septemba, Januari. Dai kifungu kinachosema kampuni itakutolea kila mwaka angalau fedha ya kodi ndipo ikate deni.

Kijana wa Kibosho

Shikamoo dada, na asante mhasibu. Nimemuuliza mzee leo mchana. Ni ubia. Kifungu cha fedha ya kodi amekikubali palepale, na vitabu atanipa Alhamisi. Ila kasema pango la jengo linahuishwa mwakani kwa miaka saba, na wabia wote watasaini dhamana binafsi, yaani kliniki ikishindwa kulipa pango, tunalipa sisi mfukoni. Hiyo nayo ni kawaida?

Dada wa Tanga

Marahaba. Kuombwa ni kawaida. Kuikubali yote si lazima. Mbia wa asilimia 10 asibebe pango la miaka saba la jengo zima wakati mtoto wa pili yuko njiani. Mwambie utadhamini sehemu yako tu, na dhamana ife siku utakapouza hisa. Mimi mwenye nyumba alikataa mara ya kwanza, akakubali ya pili.

Vitabu ukivipata Alhamisi, toa majina, weka namba hapa. Jumamosi sina zamu, nitakaa nazo.