Mchungaji mpya katika usharika wa kijijini: nianzie wapi?

Mchungaji mpya, Iringa

Bwana Yesu asifiwe, watumishi wenzangu. Nimewekewa mikono hivi karibuni katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na dayosisi imenipangia usharika wa vijijini wenye mitaa mitano, yaani vituo vitano vya ibada, ambao ulikaa muda mrefu bila mchungaji mkazi. Kipindi chote hicho mwinjilisti wa mtaa mkuu ndiye aliyehubiri, aliyefundisha kipaimara na aliyezika. Ana umri wa baba yangu, na baraza la wazee likikaa kikao, kila anayesema humtazama yeye kabla ya kunitazama mimi. Sina kinyongo naye hata kidogo, ila naomba ushauri wa namna ya kufanya naye kazi bila kumvunjia heshima na bila kuukwepa wajibu niliokabidhiwa.

Jambo la pili ni hazina. Wazee wanapendekeza mnada ufanyike kila Jumapili baada ya ibada ili tumalize deni la mabati, nami nasita.

Mwinjilisti, Kilolo

Baba Mchungaji, shikamoo. Nakujibu kama mmoja wa hao wanaotazamwa kwanza. Wazee wanapomtazama mwinjilisti, si kwamba wanakudharau wewe. Wamezoea kumuuliza kwa sababu ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa, nani amerudi kundini na nani hazungumzi na nduguye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mwombe akupeleke nyumba kwa nyumba mtaa mzima, nawe utembee kwa miguu pamoja naye, kwa maana ukifika na pikipiki peke yako utakaribishwa kiti na chai, lakini hutaambiwa neno. Zaidi ya hayo, kabla ya kikao cha baraza pitia ajenda pamoja naye faraghani, ili asisikie uamuzi wako kwa mara ya kwanza mbele ya watu aliowabatiza au kuwafundisha.

Tena, usimnyang'anye darasa la kipaimara mwaka huu. Ingia, keti nyuma, sikiliza. Meza ya Bwana inakungoja wewe katika mitaa yote mitano, na kwa barabara zetu za masika hiyo peke yake ni kazi kubwa.

Mchungaji mstaafu, Kilimanjaro

Naunga mkono neno la kutembelea, na ningependa kijana wetu aone kwamba si mbinu ya kujipatia umaarufu. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, alipozitembelea sharika za vijijini za Saxony, Ujerumani, mwaka 1528, alikuta watu wasiojua hata Sala ya Bwana na Amri Kumi, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Ni baada ya kuyaona hayo ndipo alipoandika Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kilichotoka mwaka 1529, ambacho hadi leo tunawafundishia vijana wa kipaimara. Alitembelea kwanza, akaandika baadaye. Kwa hiyo mipango uliyotoka nayo chuoni iache ikae mpaka umeijua mitaa yote, na hasa ule wa mbali kabisa, ambao kwa kawaida ndio unaotembelewa mwisho na kusahauliwa kwanza.

Hapa natofautiana kidogo na ndugu mwinjilisti: heshima isikufanye ukae kimya kwenye mafundisho. Ukisikia mtu anaambiwa kwamba mtoto wake amekufa kwa sababu hakutoa ahadi yake ya sadaka, mwite aliyesema hivyo siku hiyo hiyo, awe mzee wa kanisa au mwinjilisti, mzungumze wawili tu.

Mtunza hazina wa usharika, Njombe

Mchungaji, kusita kwako juu ya mnada kuna msingi. Mnada wa mavuno mtu anapoleta debe la mahindi, kuku au mkungu wa ndizi kwa shukrani ni jambo jema, na sisi hufurahi yai moja linaponunuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena na tena. Ukifanywa kila Jumapili, sura hubadilika. Wajane huanza kuondoka wakati wa wimbo wa mwisho, kwa sababu wanaona aibu kusimama uani bila kitu mkononi, na baada ya muda hawaji kabisa.

Huku kwetu nyanda za juu fedha hufuata shamba. Kuanzia Januari hadi Aprili watu wamekwisha kununua mbolea na kulipa ada, ghala linapungua, na bahasha za sadaka hurudi na kidogo sana. Mahindi yakishavunwa, kuanzia Juni, mkono hufunguka. Panga malipo ya mabati yafuate majira hayo, ukamwombe mwenye duka mapema badala ya kuwabana washarika mwezi wa Februari. Mapato na matumizi yasomwe kanisani kila mwezi, pamoja na yale ya mitaa midogo, na asome mtunza hazina, si wewe. Funguo za sanduku zishikwe na watu wawili, nawe usiwe mmojawapo, hata wakikubembeleza kwamba wanakuamini.

Mchungaji mpya, Iringa

Nawashukuru sana. Jumamosi nitamfuata mwinjilisti nyumbani kwake kumwomba tuanze na mtaa ule wa ng'ambo ya mto kabla mvua hazijakata njia, na suala la mnada nitaliomba baraza liliahirishe hadi mavuno.