Naombeni ushauri: nataka kuhamia Makete ili niachane na mtandao

MfugajiUyole (mtoa mada): Wakuu, habari za jioni. Ninaishi Uyole, Mbeya, nina mke na watoto wawili. Kwa muda mrefu sasa usiku wangu unaishia kwenye video fupi; ninaingia kitandani nikijiambia nitaangalia kidogo tu, kisha ninashtukia majogoo wanawika. Programu hizo nimekwisha kuzifuta na kuzirudisha mara nyingi. Mjomba wangu yuko Makete, na ninasikia huko mtandao ni wa kubahatisha, hivyo nimepanga kuhamia kwake na familia. Je, kuna aliyefanya hivyo akafanikiwa?

MamaParachichi: Kaka, ndaga kwa kuleta mada hii. Mimi niko Tukuyu, na kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa hivyo hivyo, hata chakula alikuwa akila kwa mkono mmoja. Likizo nilimpeleka kwa babu yake akachume chai, nikijua uchovu utamlaza mapema. Alirudi mikono imekomaa, na simu mpya aliyoinunua kwa ujira wa chai.

MzeeWaIsmani: Ninyi vijana mmepewa dunia kiganjani mkaitumia kutazama watu wanaocheza ngoma. Sisi tulisikiliza redio moja mtaa mzima, na ikizimwa kila mtu alikwenda kulala. Baba wa familia anahitaji msimamo, hahitaji Makete.

NesiIgawilo: Mzee, shikamoo. Msimamo peke yake huwashinda wengi, kwa sababu video hizo hazimlipi mtu kwa utaratibu. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa nyakati asizoweza kuzitabiri huendelea kudonoa kitufe hata punje zinapokoma, kwa muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupata kila anapodonoa. Video tisa zikichosha, ya kumi ikachekesha, kidole hakitulii.

Mtoa mada, neno uraibu nalo tulitumie kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeutambua uraibu wa michezo ya kielektroniki, lakini halikuweka matumizi ya intaneti kwa ujumla kuwa ugonjwa unaojitegemea. Hata hivyo vigezo vyake vinasaidia kujipima: umeshindwa kujizuia, jambo hilo limetangulia mengine yote, na unaendelea ingawa linakuumiza. Hiki cha tatu ndicho ninachokuuliza, kwa sababu watu hawahamishi familia kwa kukosa usingizi tu. Kumetokea nini?

MfugajiUyole: Dada, swali lako limenipata. Mke wangu alikwenda Makambako kwenye msiba, akaniachia vifaranga 200 vya wiki moja, alivyovinunua kwa mkopo. Kazi yangu ilikuwa kuongeza mkaa usiku kwenye jiko la bruda, yaani chumba cha joto cha kulelea vifaranga, na mnaijua baridi ya Uyole ya mwezi wa saba. Simu ilikuwa mkononi, jiko likazimika. Alfajiri nilivikuta vimerundikana pembe moja, vya chini vimebanwa kama magunzi. Vilivyopona havikuvuka kesho yake. Nilimwambia mke wangu ni ugonjwa wa kideri.

Msinihukumu kuhusu uamuzi wa kuhama. Fremu ya duka nimekwisha kuirudisha kwa mwenyewe, na lori nimelilipia nusu.

FundiMwanjelwa: Wakuu, mimi nina shaka. Kideri hakiui banda zima kwa usiku mmoja, na mwanamke anayefuga angelijua hilo. Tena kila baada ya muda tunaletewa kisa cha kuliza namna hii, kisha mwandishi anatokea na namba ya kuuza dawa ya kuacha simu. Kama ni tangazo, lisemwe mapema.

KukuMafinga: Fundi, dawa haijatajwa hapa. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na wakipata baridi hurundikana hivyo hivyo alivyoeleza, wa juu wakiwaziba pumzi wa chini. Mtu anayetunga angesema tu kwamba walikufa. Juu ya mke kuamini kideri, ninakuunga mkono. Huenda mama huyo hakuamini, ameamua kunyamaza tu.

MfugajiUyole: Aliporudi nilikuwa nimewafukia. Hakuuliza zaidi.

UpepoWaMakete: Ninasoma uzi huu nikiwa Makete, na haujakwama hata mara moja. Karibu sana, mkuu, ila uje na blanketi zito, kwa sababu huku unaweza kutazama video hizo hizo katika baridi kali zaidi.

NesiIgawilo: Basi lori hilo halina kazi. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha ili simu ipoteze kisingizio cha kulala chumbani, iache sebuleni ikichaji, zima arifa zote, na ununue bando dogo la mchana badala ya la usiku. Saa mbili za jioni zijaze kwa shughuli yenye mtu mwingine, kwa sababu pengo lisilojazwa hurudisha simu. Baada ya wiki chache ukiona usingizi bado haupo, au moyo ni mzito hata bila simu, nenda hospitali ukaonane na mtu wa afya ya akili, maana wakati mwingine simu hufunika huzuni iliyoitangulia.

MfugajiUyole: Nimeelewa, ingawa fedha ya lori hairudishwi. Na habari ya kideri, nimweleze kabla ya kuamua kuhama au baada?

MamaParachichi: Kabla, kaka. Na mwenye fremu mpigie leo, kabla hajaipangisha kwa mwingine.